Kwetu Hatumwiti Mtu Kutoka Nje

Wamama wenzangu, nawaandikia jambo moja tu. Mkimwambia mtoto habari ya vita, mwambieni yote. Mimi nilimwambia mwanangu nusu, kwa sababu nusu ndiyo niliyopewa, na nusu hiyo leo ina barabara yake, ina kibao, ina viti vya kunywea bia.

Katika ukoo wa mama yangu, aliyeitwa Ngosa, hatumwiti mtu jina lake kutoka nje. Ukimtaka aliye ndani unafika mlangoni, unapiga makofi matatu polepole, unaingia, unamwambia usoni. Na aliye ndani akisikia jina lake linaitwa uani, hata kama ni sauti ya mama yake mzazi, hajibu. Nilipokuwa msichana kule Kasungami wenzangu walikuwa wanasimama karibu na miti ya lupango letu, ndio ua wa nyumba, wanaita jina langu, "Mujinga! Mujinga eee!" nami niko ndani nimejaza maji mdomoni nisije nikajibu kwa bahati mbaya. "Uyu mutoto eko kiziwi," walisema. Hata Kalenga, mume wangu, aliyetoka kaskazini kuja kufanya kazi ya reli, siku ya kwanza alipokuja kunitazama aliita mpaka koo likakauka, akarudi mjini akidhani nimemkataa. Mpaka leo ananikumbusha: "Ningekuwa muntu wa hasira, ungezeekea kwa mama yako."

Sababu tuliyopewa ni hii. Zamani za Bula Matari, ndiyo serikali ile ya kwanza ya wazungu, watu wa kijiji cha mama walikataa kulipa kodi, vita ikawaka, wakakimbilia ndani ya pango la Mukolwe, kwenye vilima vya upande wa Kipushi. Askari wakawasha moto mlangoni mwa pango, moshi ukaingia. Halafu mtu akasimama nje akaanza kuita majina, moja baada ya jingine: toka, nje ni salama. Waliotoka walifungwa kamba shingoni, wakapelekwa mbali, hawakurudi. Wasiotoka walibaki humo. Mmoja wao ni Chanda, dada mkubwa wa mama. Kwetu dada mkubwa tunamwita yaya. Mama alikuwa mtoto wa miaka saba au nane, akapona.

"Nani alikuwa anaita?" nilimuuliza mara moja tu.

"Muntu," akajibu, akaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Mambo mengine hakuyasema, aliyafanya tu. Mahindi ya kwanza yakikomaa, alivunja hindi moja akaliweka juu ya ukuta: "Hii ya Yaya." Mvua za kwanza zikileta uyoga porini, ule mkubwa kuliko wote hatukuugusa, akaukausha. Wakati mwingine alikuwa akimwona mwanamke mrefu akipita njiani, anaacha jembe na kumtazama mpaka apotelee. Niliolewa, nikazaa, sote tukaanza kumwita Nkambo, ndiyo bibi, na bado alikuwa akiwatazama wanawake warefu.

Sasa mwanangu Floribert. Tangu mdogo hakuwa mtu wa kukaa. Tulikuwa tunaishi Kamalondo, karibu na reli, na mtu yeyote akiita "Kijana!" yeye tayari amefika, hata kama hakuitwa yeye. Niliogopa. Nikasema, nitamtia woga kidogo, utamsaidia. Kila nilipomnyoa nywele, maana ni wakati huo tu alipotulia, nilimsimulia pango la Mukolwe. Moshi, kamba, majina. Nilisimulia vizuri, sitasema uongo. Masista walinifundisha kusoma na kuandika mpaka darasa la tano, na kusimulia nilizaliwa nako. Alisikiliza amefumba macho, nywele zinamwangukia mabegani.

"Mama," aliniuliza siku moja, "ule muntu akiita, pango ilijibu?"

"Ilijibu namna gani?"

"Sauti ilirudi?"

Nilimwambia anyamaze nisimkate sikio. Ningalisikia swali lile vizuri, ningaliacha kusimulia siku ileile.

Akakua, akasoma kwa mapadri, Kifaransa chake kikawa safi kama sahani ya Pasaka. Vita kubwa ya Ulaya ilikuwa imekwisha, na wazungu waliokaa miaka bila kutembea wakaanza kutembea. Walikuja mji wetu wa Élisabethville kwa treni kutoka Kapu, huko Afrika Kusini, walikuja kwa ndege kutoka Ubelgiji, na miwani myeusi na mashine za kupigia picha. Ba-turisti, ndio watalii. Walitazama bomba refu la kiwanda, walitazama ngoma ya Jumapili, halafu walikaa kwenye baraza la hoteli wakauliza: kuna nini kingine? Floribert alikuwa amepata kazi kwa mzungu mmoja, Bwana Théo, aliyekuwa akiwatembeza. Siku moja Bwana Théo alimuuliza yeye swali lilelile. Na mwanangu, mtu wa kuitika kabla ya kuitwa, akajibu.

Hivyo ndivyo kilima ambacho watu wetu walikizunguka kwa mguu nusu siku nzima wasikipite karibu kilivyopata barabara. Miaka hamsini na zaidi hakuna aliyekwenda pale. Katika mwaka mmoja kukawa na kibao, na kibanda cha nyasi.

Alinieleza mwenyewe, Jumapili, amevaa kofia nyeupe ya kazi.

"Mama, banapenda kabisa. Juma hii kuko madame mumoja alilia."

"Alilia nini? Alikuwa na ndugu mule?"

"Hapana. Analia tu. Kisha anakunywa limonade."

"Na weye unafanya nini pale?"

"Ninaeleza. Kisha ninaita."

"Unaita nani?"

Akavua kofia, akaitazama ndani kama jibu limeandikwa humo. "Chanda."

Mwiko ulinitoka mkononi, ukaanguka kwenye moto. Kalenga akasema, "Ee, Floribert," basi. Mimi nilisema mengi. Nilisema mpaka majirani wakaja mlangoni. Mwanangu alinisubiri nimalize.

"Mama, ni weye ulinieleza. Sikuongeza hata neno moja."

Kesho yake nilikwenda Kasungami kumshitaki kwa mama yangu. Nilimkuta anamenya mihogo. Nikamwambia yote: kofia, limonade, jina la Yaya linaitwa mbele ya wageni. Nilingoja akasirike. Alishika kisu bila kumenya.

"Kuko barabara sasa?"

"Barabara gani, Mama?"

"Mutuka inafika mpaka kwa mulango?"

"Mama, husikii? Mutoto anaita Yaya Chanda, bazungu banafurahi!"

"Ninasikia. Nimekuuliza mutuka."

Nikasema motokaa inafika. Akaweka kisu chini. Akaniambia jambo ambalo sikulijua: alikuwa amejaribu kurudi pale mara tatu. Mara ya kwanza, msichana, akafika kijito kilicho chini ya kilima, magoti yakakataa. Mara ya pili baba yangu alimfuata akamrudisha. Mara ya tatu alikuwa na mimi mgongoni, nikalia njia nzima, akaona ni mimi ninayekataa.

"Mwambie Flori anitafutie nafasi," akasema. "Sasa magoti haina kazi, nitakaa tu ndani ya mutuka."

Niliogopa safari ile kuliko nilivyowahi kuogopa kitu. Kalenga alisema, "Munaenda kutafuta nini kule? Muache bale balikufa balale." Lakini Nkambo alikwisha kufua kitambaa chake cha kwenda misa.

Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya asubuhi na vumbi. Wazungu walipanda basi. Sisi wawili tulipanda kamyo, ndiyo lori, iliyofuata nyuma pamoja na viti, sanduku za bia na barafu iliyofunikwa kwa magunia. Nkambo alikaa juu ya sanduku, amepakata chungu kidogo kilichofungwa kwa jani la ndizi. Vumbi la basi lilitufanya weupe sote wawili.

"Tazama," akasema, "sasa na shiye tumekuwa baturisti."

Alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu masika. Baada ya Kipushi hakucheka tena. Alianza kutaja miti. Si majina ya miti, bali ya watu: hapa alianguka fulani, hapa fulani alitupa mukeka. Halafu kamyo ikasimama, akatazama mlango wa pango.

"Ilikuwa mukubwa," akasema. "Mulango ilikuwa mukubwa sana."

Floribert alimshusha, akamkalisha kwenye benchi kivulini. Bwana Théo akamwelekezea kidole, akawaambia wageni wake kitu, na mashine za picha zikageuka zote pamoja. Hakuzitazama. Mwanangu akaanza kueleza kwa Kifaransa. Sikufahamu yote, lakini nilijua kila mahali alipofika, maana alikuwa anapumua pale nilipokuwa napumua nikimnyoa nywele. Moshi. Kamba. Akanyamaza kidogo, kama mimi. Halafu akaweka mikono mdomoni.

"Chanda! Chanda eee! Toka! Inje iko salama!"

Na pango likajibu. Lama, lama, lama, likishuka ndani. Wazungu wakavuta pumzi kwa utamu. Mtoto wao mmoja akakimbia mbele akaita jina lake mwenyewe, likarudi. Baba yake akaita la kwake. Basi wakaanza wote, mwanamume mwenye shingo nyekundu, madame mwenye mwavuli, kila mmoja anaita jina lake ndani ya kaburi la watu na kungoja arudishiwe.

Nilipogeuka kumfunika Nkambo masikio, benchi lilikuwa tupu. Chungu hakikuwapo.

Bwana Théo akaona kitambaa chake kikiingia gizani. Akapiga kelele. Kule ndani mawe ya juu hayakushikamana, alikuwa amekataza mtu yeyote kuvuka mlango. "Mwite!" akamwambia Floribert. "Mwite mara moja atoke!"

Na mwanangu akaweka mikono mdomoni. Alikuwa ameogopa, na maneno ya kuitia mtu pale hakuwa nayo mengine.

"Nkambo! Nkambo eee! Toka! Inje iko salama!"

Wazungu wakatabasamu wakidhani ni sehemu ya mchezo.

Mimi sikungoja. Nilipiga makofi matatu, nikainama, nikaingia.

Kulikuwa na baridi na harufu ya popo. Ukuta niliougusa ulinipaka mkono mweusi. Ni masizi ya moto ule, bado yapo. Mbele kidogo, pale mwanga wa mlango unapofikia mwisho, alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha kama mtu aliyefika kwao.

"Ni weye, Mujinga?"

"Ni miye, Mama. Twende. Mawe itaanguka."

"Ikala hapa."

Nikakaa. Huko nje Floribert akaita tena, na sauti yake ikatupita juu ya vichwa.

"Ile sauti inafanana na yangu," Nkambo akasema. "Usijibu."

"Mama, ni Flori tu."

"Ni miye niliita, Mujinga."

Nilidhani hajanielewa.

"Siku ile," akasema. "Ni miye. Nilikuwa na kiu, nikaponyoka kwa mukono wa Yaya, nikatoka. Askari alinipatia mayi. Alinipatia na kitambaa nyekundu, nzuri kabisa. Akasema: ita benu, sema inje iko salama. Nikaita. Balijua sauti yangu, na juu ya ile balitoka. Mama. Baba mudogo. Bote banatoka mumoja mumoja banakohoa, banafungwa, na miye ninaita. Niliona kamba. Niliendelea kuita. Mutoto hawezi kujua namna ya kuacha."

Nilimshika mguu, ndio uliokuwa karibu.

"Yaya peke yake njo hakutoka. Nilimuita kupita bote. Hakujibu."

"Pengine moshi ilikuwa imekwisha kumulaza."

"Pengine. Ao alinisikia, akanikasirikia. Ni ile tu ninataka kujua. Kama angenijibu hata kwa hasira, ningekuwa ninaishi na hasira yake. Lakini miaka yote sijui. Ninasimama inje ninamuita, Mujinga. Kila siku. Ninalima, ninapika, ninakuzaa weye, na niko inje ya hii mulango ninamuita. Haikunifika kichwani kama muntu anaweza kuingia."

Ndipo nikaelewa kanuni ya nyumba yetu. Hatukufundishwa tusiwajibu askari. Mama yangu alitufundisha tusimjibu yeye.

Nje kuita kukakoma. Honi ya basi ikalia mara moja, ikaacha. Tulikaa. Alifungua chungu, akatoa uyoga mkubwa, mkavu, wa mvua zilizopita, akauweka juu ya jiwe. Kisha tukasikia makofi. Matatu. Polepole.

Floribert aliingia bila kofia, mkono ukutani, akijigonga. Alifika akachuchumaa mbele ya bibi yake mpaka nyuso zikakaribiana, kama alivyofundishwa tangu hajaota meno.

"Nkambo. Nimekuya. Nipatie mukono."

Alimpa. Lakini kabla ya kusimama aligeukia kule ndani kusikoonekana kitu, akasema kwa sauti ya mtu anayeongea na mwenzake kitandani, "Yaya, nimeingia."

Akangoja. Tulingoja naye. Pango lile halirudishi sauti ndogo.

Tulipotoka, jua likatupiga machoni, na wazungu wakapiga makofi. Makofi mengi. Mashine za picha zilikuwa zinalia kama panzi. Madame wa mwavuli alikuwa analia kweli. Bwana Théo alimshika Floribert bega: hiyo ilikuwa nzuri kupita zote, akasema, kuanzia leo tutafanya hivyo kila mara.

Kwenye kamyo mwanangu alikaa nasi kati ya masanduku matupu. Nilimweleza alichoniambia bibi yake, mbele ya bibi yake, kwa ruhusa yake.

"Mama, juu ya nini hukunieleza ile?"

"Sikuijua."

"Nisamehe, Nkambo."

"Weye uliingia," Nkambo akamwambia. "Nyamaza sasa, vumbi itakuingia mudomo."

Kesho yake alirudisha kofia. Sasa yuko karakana ya reli na baba yake. Lakini msifikiri pango lilimsubiri. Bwana Théo alipata kijana mwingine na bibi mwingine, mama mzee wa mbali asiyejua hata jina la kilima. Anaingia na chungu, kijana anaita, anaingia kumtoa kwa mkono, watu wanapiga makofi. Mabasi ni mawili siku hizi. Ninawaona wageni wakipita asubuhi, wana nyuso nzuri, wengine wananipungia mkono. Siwachukii. Wametoka mbali kutafuta kitu, na walichopewa ni kile nilichokisimulia mimi nikitafuta kumtisha mtoto mmoja atulie anyolewe.

Nkambo alifariki mvua zilipoanza, uyoga haujatoka. Siku za mwisho hakuwa tena na tabia ya kutazama wanawake wanaopita. Sijui kama alipata jibu. Nilitamani kumuuliza, nikaona haya, na sasa mimi ndiye ninayemtazama kila mwanamke mfupi anayetembea kwa haraka amebeba mihogo.

Mwezi uliopita nilipita njia kubwa ya mjini, mbele ya duka la karatasi na kalamu. Kwenye kioo walikuwa wamepanga kadi za posta. Bomba la kiwanda. Kanisa. Na yeye. Ametoka pangoni, jua usoni, kitambaa cha misa, mkono wake ndani ya mkono wa Floribert, na mimi nyuma, nusu. Hatukuwa na picha yake hata moja nyumbani.

Mdomo wangu ulikwisha kufunguka. "Ma…" Nikaufunga. Nilikuwa nimesimama nje.

Duka lile lina dirisha la pembeni kwa ajili yetu watu weusi. Mnajua namna mambo yalivyo. Nilipiga makofi matatu polepole, watu wawili wakageuka, nikasukuma mlango wa mbele.

"Weye!" Madame mwenye duka akasema. "Dirisha yenu iko kule pembeni."

"Naijua, Madame. Nimekuja kumchukua mama yangu."

Akatazama huku na huku dukani, akitafuta bibi mzee kati ya madaftari. Nikamwonyesha kwa kidole.

Nyumbani Floribert alinisomea maneno madogo ya Kifaransa yaliyo nyuma ya kadi: Pango la Mukolwe, mchezo wa wenyeji. Jina la mtu halikuwepo. Nikaomba kalamu yake. Niliandika Ngosa. Niliandika Chanda, dada yake. Nikaanza kuandika nani aliita, na kwa nini, lakini nyuma ya kadi ni padogo, maneno yakajaa mpaka pembeni. Ndiyo sababu nikachukua daftari hili.